Mkaja wa Abdulrahmani

Mguu mpya wa bandia ulifika Tingi kwa gari la kliniki, ukakataa kuingia. Fundi Erasmo aliusukuma, akauzungusha, mwisho akakitazama kigutu cha Abdulrahmani, kimevimba chini ya goti.

"Bandeji anakufunga nani, mzee wangu?"

"Mke wangu."

"Anafunga kama anamfungia mtu maandazi! Chini ikaze, juu ilegee kidogo. Narudi mwezi ujao. Nikikikuta hivi hivi, mguu huu hautakufaa."

Abdulrahmani akanywea. Tangu ajali ya pikipiki, hamu yake ilikuwa moja tu: kuingia kwenye mikorosho yake kwa miguu, si kuletewa habari zake barazani.

Naima, mkewe, hakununa. "Hapa Tingi anayejua kukaza kitambaa mwilini ni mmoja. Mama."

"Astaghfirullahi!"

Ni kweli Bi Kidawa alikuwa amewafunga mkaja, kile kitambaa cha tumboni, wazazi waliotoka kujifungua wa nusu ya kijiji, na matumbo yao yakarudi ndani kwa adabu. Lakini alikuwa mama mkwe. Mbele yake Abdulrahmani hata chai hakupata kuimaliza, sembuse kumnyooshea mguu.

Bi Kidawa naye alikuja na haya zake. Alijitanda kanga mpaka puani, akageukia ukutani, akafunga kwa kupapasa. Bandeji ikaporomoka. Akasonya.

"Mkwe wangu, nisamehe. Leo nakutazama."

Alipoikaza, Abdulrahmani alipiga ukelele.

"Nyamaza, baba! Wenzako wananyonyesha huku nawakaza, na hawalii. Au nimezidisha, unasikia ganzi?"

"Sisikii, mama."

Kila siku alikuja kufunga, na uji wa pilipili manga juu, maana kwake aliyefungwa ni mzazi basi. Majirani wakawa wanauliza amejifungua nini. Abdulrahmani alicheka hadi akasahau kuona haya.

Erasmo aliporudi, mguu uliingia bila ubishi. Abdulrahmani akaachia magongo. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akayumba. Mbele yake alisimama Bi Kidawa, ambaye kwa desturi alipaswa kumpisha mkwewe. Hakupisha. Alimdaka kifuani, na ua mzima ukaguna.

"Mnaguna nini?" aliwafokea, machozi yakimtoka. "Huyu nimemlea mwenyewe. Mtoto akianza kutembea adakwe na nani?"

Kisha akamgeuza uso kwenye njia ya shambani, akamwachia.