Daftari la Nusu Bei

Mwadi Kabemba alikuwa na kipaji kimoja tu duniani, nacho alikitumia kwa mdomo kuliko kwa mkono. Mwaka wa sabini, shuleni kwa masista, alipewa tuzo ya mwandiko mzuri: ule wa herufi zinazoshuka nene na kupanda nyembamba, zote zikiinamia upande mmoja. Tangu siku hiyo hakuandika kitu ila orodha ya sokoni, lakini tuzo aliitaja kila Pasaka.

Kwa hiyo Jumapili ile, padri alipotangaza kwamba parokia haina tena mtu wa kuandika vyeti vya kipaimara, mkono wa Mwadi ulipanda wenyewe. Kwa miaka kumi na tano vyeti vyote vya parokia viliandikwa na Tata Tshibangu, mzee aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Lakini Tshibangu alikuwa Mkasai, na mwaka ule wa tisini na tatu Wakasai wa Kolwezi walikuwa wamefukuzwa majumbani, wakilala kwenye kituo cha treni, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka walikoambiwa ni kwao. Mwadi alimsikitikia sana. Alimsikitikia huku mkono uko juu, na padri akaandika jina lake.

Nyumbani alijaribu herufi R, ikatoka kama kuku aliyekanyagwa. Vyeti vilikuwa arobaini, siku zilikuwa kumi, na waumini wote walikuwa wameuona ule mkono. Alihitaji daftari la mazoezi, tena la bei nafuu, maana mgodi ulikuwa umesimama na mumewe amesimama nao.

Katika soko la Manika, Jessica muuza karatasi alimtandikia matatu. La kwanza lilikuwa jipya, la mistari miwili miwili, lakini kulinunua kulitaka kikapu kizima cha noti. La pili lilikuwa rejista ya ofisi, yenye kurasa tupu upande wa nyuma na bila mstari hata mmoja, na Mwadi bila mistari ni mlevi bila ukuta. La tatu ndilo lilikuwa la mwandiko hasa, lenye mfano wa herufi juu ya kila ukurasa. Tatizo ni kwamba nusu yake ilikuwa imeshajazwa.

"Ile ni nusu bei, mama," Jessica alisema. "Nusu ya kurasa, nusu ya bei."

Mwadi akalifungua. Mstari mzima wa R ulikuwa pale, kila moja na mkia mrefu unaojikunja chini. Mkia huo aliujua: ulikuwa kwenye cheti cha ubatizo cha kila mtoto wake. Moyo ulimtambua mwenye daftari, mkoba ukajifanya haumjui.

"Hii imechafuka," alisema. "Punguza tena."

Akapunguziwa.

Siku mbili alifanya mazoezi akiiga mikia ya Tshibangu. Siku ya tatu aibu ikamshinda, akashika njia ya kituoni, huku akitunga hotuba ya jinsi alivyoliokoa daftari mikononi mwa wezi. Ndani ya hotuba hiyo alikuwa mtu mwema mno, hata akajililia njiani.

Tshibangu alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkewe Odile kando yake. Mkono wa kulia wa mume ulikuwa umefungwa kitambaa, kwa kuwa jiwe lilimpata siku walipofukuzwa.

"Tata, nimekuletea kaye yako," Mwadi alianza, akimpa daftari. "Bale bezi..."

"Bezi gani, Mama Mwadi? Mi mwenyewe njo niliiuzisha, juu ya kupata mukate." Akalifunua kwa mkono wa kushoto, akafika kwenye kurasa za Mwadi, akacheka hadi akakohoa. "Ee mama! Hii njo ile prix ya masista?"

"Njo ile," Mwadi alikiri juu ya tuzo yake, na hotuba ikaishia hapo.

"Bon. Ikala, tuandike," akasema, akimsogezea nafasi juu ya sanduku.

Mvua ilikuwa imefuta majina kwenye masanduku yao, na masanduku yasiyo na jina yalikuwa yakipotea kila siku pale. Mwadi akapewa vipande vya katoni na kalamu. Jina la kwanza lilipinda. Tshibangu alikuwa mwalimu mkali, akamrudisha kwenye "Odile" mara tatu. Kisha akamtajia mji wa kwenda: Mwene-Ditu.

"Kule ni karibu na nini?" Odile aliuliza. "Mi nilizaliwa hapa Kolwezi."

"Mi pia siyafikaka kule," mumewe alijibu. "Andika, mama."

Mwadi akaandika. Safari hii jina halikupinda. Herufi zilifuatana moja baada ya nyingine, safi, kama zilivyofuatana zamani kwa masista, na Tshibangu akakisogeza kipande kwenye mwanga.

"Yenyewe," akasema. "Sasa unayua kuandika."

Furaha ilimjaa Mwadi kifuani, kabla hajasoma alichokiandika: Mwene-Ditu, mji wasioujua, ambako jirani zake walikuwa wakipelekwa.