Sasisho la Asubuhi

Jeneza la dada lingefungwa saa nne kamili kwa saa za nyumbani, huko ng'ambo alikofia, na mama hakuomba makubwa: auone uso wa bintiye kwenye kompyuta, basi. Mwanawe wa pili alikuwa fundi kompyuta. Nani angeshuku kwamba lingeshindikana?

Kosa lilifanyika asubuhi. Fundi huyu hakuwahi kumkabidhi mteja mashine bila kuisasisha kwanza, na kwa mazoea hayo hayo aliisasisha laptopu yake ya Linux, isije ikamwaibisha mbele ya wakwe. Majivuno ya ufundi tu, hakuna lingine. Mashine ilipowaka tena, waifai ya jirani wa juu haikuonekana.

Aliangalia swichi ya pembeni, akaikuta imewashwa. Akaandika amri hii na ile. Mashine ikamjibu kwamba haioni kifaa chochote cha waifai. Sasisho lilikuja na kiini kipya cha mfumo, na draiva, ile programu inayoiendesha waifai, ilitengenezwa kwa kile cha zamani. Draiva mpya iko kwenye intaneti, na intaneti bila draiva haipatikani. Simu yake ya kioo ilikufa tangu juma lililopita, mganga hajigangi. Ya mama ilikuwa ya vitufe, na shemeji, mume wa marehemu, alishaipigia mara mbili kusema watu wa mochwari wanaharakisha.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni lake la kutokea.

Saa nne na nusu akili ikamrudia: azime, awashe, na kwenye orodha ya mwanzo achague kile kiini cha zamani, maana mfumo huwa haukitupi. Dakika mbili. Mwanafunzi wa juma la kwanza angelijua hilo. Waifai ikashika.

Shemeji alitokea kwenye skrini, macho mekundu. Alisema walisubiri mpaka wakakatazwa. Nyuma yake kifuniko kilishapigwa skrubu. Mama akasogea, akauliza walimvalisha nguo gani. Ya bluu, akajibiwa. Akamshukuru mkwewe, kisha akamgeukia mwanawe.

"Jana si mlizungumza na shemeji yako kwa hii hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa leo ulikuwa unatengeneza nini, baba?"

Fundi alitamani kuusingizia mtandao. Machozi yakamtangulia.

"Ilikuwa nzima, Mama," alisema. "Niliigusa tu."