Boti Iliyotanguliza Makalio

Bandari ilipoonekana, upepo ulikuwa umeshapandwa na mori. Ulikuwa ukiisukuma boti mgongoni kama mgambo anayefukuza wachuuzi. Mama Pacha aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Hakuogopa kuzama. Kilichomtia hofu kilikuwa kimeketi nyuma yake juu ya kreti, kimejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi: wifi yake.

Boti ile marehemu baba mkwe aliwaachia watoto wake wawili, mume wa Mama Pacha na huyo dada mtu. Mume sasa alikuwa nyumbani, mkono ndani ya plasta, akilalamika kama aliyevunjika mikono kumi. Mama Pacha akasema usukani ataushika yeye. Wifi akacheka hadi akashika mbavu, kisha akatoa hukumu: "Nampa safari moja. Akiligonga gati na mayai yangu yakapasuka, kesho naweka dereva wa kukodi." Kwa maana shehena yenyewe ilikuwa mayai, trei juu ya trei mpaka usawa wa dirisha.

Na dereva mwenyewe huyo hapo gatini, begi begani, kaja kuchungulia riziki.

"Nafasi ile pale!" wifi alipiga kelele. "Mbele ya geti la soko! Ingia tu moja kwa moja!"

Kweli ilikuwa nafasi ya kupendeza, pana, wapakuzi wamesimama tayari. Mama Pacha akaelekeza kichwa cha boti huko na kupunguza mafuta. Boti haikupunguza chochote. Akaweka gia huru. Upepo ukazidi kuisukuma. Ukuta wa zege ukaanza kukua, ukakua, mpaka akaona kucha za miguu za mpakuzi mmoja.

"Tunaingia vizuri!" wifi akashangilia.

"Hatuingii, tunatupwa!" Mama Pacha akavuta gia ya nyuma na kukandamiza mafuta. Injini ikanguruma, maji yakafura meupe, trei zikalia kwichi kwichi. Boti ikasita hatua chache tu kutoka ukutani, kisha ikaanza kurudi, shingo upande.

Gatini watu wakazomea kama mpirani. "Mama, nenda kapike!" mmoja akafoka.

"Nimeshapika, nenda kale!" akamjibu bila kugeuka.

Macho yake yalikuwa yanatafuta. Kule nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, kando ya mapipa ya taka, palikuwa na nafasi nyembamba kati ya boti mbili. Hakuna aliyeitaka, kwa harufu tu. Lakini pale upepo ulitoka ukutani. Ungekuwa unamsukuma atoke, na anayesukumwa atoke huamua mwenyewe aingie kwa mwendo gani.

"Huko jalalani?" wifi akaziba pua.

"Huko huko. Na tunaingia kinyumenyume."

"Mtume! Makalio mbele, watu wote hawa wanaangalia?"

"Wifi, kichwa kikitangulia upepo unakipeperusha. Makalio ni mazito, yanatulia. Wewe unayajua hayo kuliko mimi. Haya, inuka, shika kamba!"

Wifi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika kamba ila ya kuanikia nguo, akajikuta ameinuka. Boti ikaanza kurudi pole pole, kichwa kikining'inia kwa upepo kama mkia wa tiara, mkia ukiufuata ukuta. Kushoto boti nyeupe yenye vioo, kulia jahazi kuukuu lenye misumari nje. Huku mkono haupiti, kule mkono unapita kwa shida.

"Tupia kitanzi kwenye nguzo!"

Wifi akatupa. Kitanzi kikaanguka majini.

"Vuta! Tena!" Mama Pacha akaongeza mafuta, boti isichukuliwe na upepo.

Wifi akavua viatu. Akakitupa kilemba sakafuni. Akatoa sauti ambayo hata kaka yake hajawahi kuisikia, akarusha. Kitanzi kikazunguka hewani, kikaidaka nguzo.

"Kaza!"

Kamba ikanyooka, ikalia, ikatulia. Boti ikaning'inia hapo kwa upepo, imelegea, haijagusa ukuta wala jirani. Hata yai moja halikupasuka.

Kisha gati zima likalipuka kwa vigelegele.

Dereva akaja mbio na begi lake. "Mama, hongera. Sasa kuhusu ile kazi..."

Wifi hakumsikia. Alikuwa ameshampigia kaka yake simu, nywele wima, miguu peku, anaruka ruka. "Tumeingia kinyumenyume! Upepo huo! Mimi ndiye niliyeifunga! ... Dereva? Dereva wa nini? Usukani una mwenyewe, na kamba ina mwenyewe!" Akaufunika mdomo wa simu, akamgeukia Mama Pacha, macho yanang'aa.

"Wifi, mayai wataanza kuyapakua sasa hivi. Hatuwezi kutoka kidogo tu, tukaingia tena?"