Shaba Iliyong'arishwa

Meneja wa kiwanda cha ndoo za plastiki hakumwita mkaguzi wa joto kwa sababu aliamini kuna joto. Alimwita kwa sababu fundi umeme wake alikuwa pia mume wa dada yake, na mtu wa namna hiyo hafukuzwi kwa maneno matupu. Hufukuzwa kwa picha.

Kwa miezi minne fundi huyo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Pua, alidai kwamba kabati kuu la umeme linanuka kuungua. Mara tatu mashine zilizimwa. Mara tatu watu walimsubiri meneja ashuke kutoka ofisini, kwa kuwa bila sahihi yake hakuna aliyeruhusiwa kufungua kabati hilo, na mara tatu alipofika kila kitu kilikuwa kimepoa kama maji ya mtungi.

"Shemeji, umenisimamishia kazi saa sita jumla," meneja alimwambia mara ya tatu. "Hiyo pua ipeleke hospitali."

"Lisemwalo lipo, shemeji."

"Basi naleta kamera ya joto. Yenyewe haina undugu na mtu. Isipoona kitu, mwisho wa mwezi tunaagana. Dada nitamweleza mwenyewe."

Dada aliipata habari hiyo kwa mumewe jioni ileile, akiwa anakunja nguo za watoto.

"Yule mdogo wangu akitaka kukuchapa hutafuta wa kumshikia fimbo," alisema. "Wewe usimpe sababu. Huyo mgeni asikute hata vumbi."

Jumapili, mashine zikiwa zimepumzika, Pua aliomba kibali cha kusafisha kabati. Kilisainiwa bila swali. Usafi haumtishi meneja yeyote. Alizima umeme, akafuta vumbi, kisha akazikuta zile pau tatu za shaba zinazopitisha umeme wote wa kiwanda zimefubaa kwa miaka kumi na moja. Akazisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka akayaona masharubu yake ndani ya shaba. Spana ilikuwa mfukoni. Hakuitumia, kwa kuwa kibali kilisema kusafisha, hakikusema kukaza bolti.

Jumanne mkaguzi alifika, mama wa makamo mwenye kofia ngumu na ngao ya uso, akakuta kiwanda kimya.

"Nimezima kila kitu," meneja alisema. "Nimeona upime kwa utulivu."

"Umeniita nipime homa, halafu mgonjwa umemficha. Washa zote, nirudi baada ya saa moja."

Saa moja baadaye mlango wa kabati ulifunguliwa, na mkaguzi akasimama kwa mbali na kamera yake. Kwenye kioo chake pau zote tatu zilionekana za samawati. Nyuzi ishirini na tisa.

"Samawati ni baridi, sivyo?" meneja aliuliza. Alishatoa simu kupiga picha ya picha.

"Ni baridi."

Kisha kwenye pau ya katikati likatokea doa la rangi ya chungwa, Pua akalinyooshea kidole. Mkaguzi alisogea kushoto. Doa likasogea kushoto. Akainua mkono, doa likainua mkono.

"Huyo ni mimi," alisema. "Nani amezing'arisha hizi?"

"Mimi, mama."

"Umefanya kazi nzuri sana. Umezigeuza kioo. Shaba inayong'aa hivi haitoi joto lake likaonekana. Inarudisha la waliosimama mbele yake. Hapa nimepima ukuta na mwili wangu."

"Lakini mashine imeshasema," meneja alisema.

"Imesema mimi ni mzima. Nazima, nabandika tepu nyeusi kwenye kila kiungio chenye bolti, tunawasha tena saa moja. Tepu hushika joto la kilicho chini yake na hailifichi."

"Kuzima tena? Mama, tuna ndoo elfu mbili za kutoa leo."

"Sawa. Naandika kwamba kabati halikupimika. Watu wa bima watakuuliza sababu, si mimi."

Walizima. Tepu zikabandikwa, mashine zikawashwa, saa ikapita. Kiungio cha kwanza: nyuzi hamsini na moja. Cha tatu: hamsini na mbili. Cha katikati: tisini na saba.

Bolti ilikuwa imelegea. Kwa kibali kipya, umeme ukiwa umezimwa, Pua alikisafisha kiungio na kukikaza kwa dakika kumi na mbili. Mashine zilipowashwa tena na kamera kuelekezwa, tepu zote tatu zilionyesha nyuzi zinazokaribiana.

Ijumaa meneja aliwaandikia wakubwa kwamba, kutokana na uamuzi wake wa kuleta teknolojia ya kisasa, hatari kubwa ya moto imegunduliwa na kuondolewa. Kwa Pua aliandika barua nyingine: onyo la kwanza, kwa kubadili hali ya kifaa kabla ya ukaguzi.

"Kwa hiyo sifukuzwi, shemeji?"

"Nitakufukuzaje? Mkaguzi amekutaja mara mbili kwenye ripoti. Saini hapo chini."

Pua aliisoma barua yote, akaomba kalamu, akasaini. Kisha akauliza kama anaweza kupata nakala mbili, moja yake na moja ya kumpelekea dada.