Mpira wa Docta Syauswa

Mara ya tatu Godelive, muuguzi wa dispensari, alitoa mpira wa serumu, ule wa kupitishia dripu mshipani, kwenye sufuria ya maji ya moto, akaunusa, akakunja uso.

"Docta, ingali inanuka mazutu ya malori."

Syauswa hakuwa docta wa watu. Alikuwa docta wa plastiki: miaka kumi na moja ya Ulaya, akarudi Butembo na diplome kubwa kama mlango. Watu walimcheka. Vita vilipofunga barabara na mipira ya serumu ikaisha, wakaacha kucheka, maana nyuma ya nyumba yake Bulengera alitengeneza mpira unaochemshwa mara arobaini bila kupasuka. Arobaini! Hata maharage ya Kirumba hayavumilii hivyo.

Kamanda Ananie naye aliusifu. Akabeba mipira yote, mia mbili, "kwa ajili ya wagonjwa wa jeshi". Wagonjwa wenyewe walikuwa malori: askari waliitumia kunyonya mafuta kwenye matangi. Mashine ya kutengenezea mipira nayo ikapelekwa Beni kutengeneza kandambili za askari. Syauswa akapewa barua ya asante, ina mihuri miwili.

Sasa binti yake Kavuo alilala kitandani, macho yamezama. Kipindupindu. Kila alichonyweshwa alikitapika. Chupa mbili za serumu zilikuwepo. Mpira ulikuwa huu mmoja, ambao Syauswa aliupigia magoti kambini ili auazime.

Mlangoni, askari Jordy alikalia bidon tupu, dumu la mafuta.

"Papa Docta, fanya mbio! Mukubwa alisema dakika makumi tatu. Camion inangoja mazutu."

"Mutoto wangu anakufa."

"Pole, papa. Mais mpira ni ya armée, ya jeshi. Si unajua kutengeneza? Tengeneza ingine."

"Mashine mulibeba."

"Donc, andika barua ku bureau. Weye ni mutu ya masomo."

Godelive alimgeukia Syauswa. "Nikichemsha tena, mazutu itatoka?"

Huko Ulaya Syauswa aliandika kurasa mia tatu juu ya swali hilo. Mafuta yakiingia ndani ya plastiki ile, maji ya moto hayayatoi. Yanatoka yenyewe, polepole, pamoja na kinachopita humo.

Aliutia mdomoni, akaonja. Kavuo alikuwa ameacha kulia.

"Muwekee," akasema.

Tone la kwanza likashuka, lina utando wa rangirangi kama dimbwi la gereji. Jordy akasogeza bidon yake mpaka miguuni pa kitanda, akaketi kuungoja mpira, akainua macho kuutazama.

"Kazi muzuri, papa. Ata haivuji."