Beki wa Kulia Hajatolewa

Kila Ijumaa alasiri, kabla mpira haujaanza, Hénock aliwapanga wasichana kwenye mstari wa pembeni na kuwakagua mmoja mmoja. Waligeuza nyayo ayaone meno ya viatu, wakashika masikio kuonyesha kwamba hawana hereni, wakainamisha vichwa atazame kama kuna shanga kwenye misuko. Ligi ya shule za sekondari ilikuwa kali sana kwa shanga. Victoire, aliyezikwa mwezi wa tano, alikuwa wa mwisho. Soksi zake zilikuwa na udongo mwekundu, lakini hereni hakuwa nazo wala shanga, na Hénock akamruhusu kuingia.

Huo ulikuwa mwaka 2017. Hénock, mtu wa Bukavu, alikuwa fundi cherehani mtaa wa Doornfontein, na urefa aliufanya kwa mapenzi tu. Alikuwa na maoni juu ya kila kanuni, na mkewe Denise alikuwa ameyasikia mpaka akawa anayamalizia yeye. Mpira wa kurusha unapoteza muda. Golikipa anadekezwa. Na aliyeandika aya nzima juu ya shanga bila kuandika neno juu ya kichwa kinachozibeba, mtu huyo hakuwa na binti.

Hilo la kichwa lilianza kwenye nusu fainali ya kombe la katikati ya msimu. Kona ilipigwa, Victoire akaruka kuokoa, akagongana vichwa na mshambuliaji wa upande wa pili. Aliinuka, akajipangusa, akamfuata refa.

"Papa Hénock," alisema, "niko naona mipira mbili."

Timu yake ilikuwa imemaliza wachezaji wa akiba, na kanuni ilisema mchezaji aliyeumia hutolewa na kocha wake, si mtu mwingine. Hénock akaenda kumuuliza kocha Mokoena. Kocha alitazama benchi tupu, akatazama saa, akasema, "Sharp, refa, aendelee tu. Huyu mtoto ni chuma." Hénock akapuliza filimbi. Walishinda kwa bao moja. Jioni Victoire alikula ugali nusu sahani, akamwambia mama yake anajilaza kidogo, na hakuamka tena.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi alikuwa uwanjani, upande wake uleule wa kulia. Wapinzani walilalamika, wakahesabu, wakakuta timu ina wachezaji kumi na mmoja kama inavyotakiwa, wakarudi kwenye nafasi zao. Hakuna aliyemtoa, na Victoire alikuwa na nidhamu: hakuondoka uwanjani bila kutolewa. Alikimbia vizuri tu. Ila mpira wa juu ulipokuja, alifumba macho na kujishika kichwa kwa mikono yote miwili, na Hénock, kila alipomwona hivyo, roho ilimuuma mpaka akasahau kufuata mchezo.

Mama yake, Clémentine, alikuwa msusi mtaa wa Hillbrow. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Wanawake wa kanisa walikuwa bado wamelala kwenye magodoro sebuleni kwake, wakipokezana zamu, kwa sababu matanga huondolewa marehemu akishatulia, na huyu kila Ijumaa alirudi na soksi za kufuliwa. Siku moja Clémentine alimsubiri Hénock getini, na sweta ya bintiye mkononi.

"Papa Hénock, huyu mtoto atapumzika siku gani?"

"Mama Victoire, kanuni hainiruhusu kumtoa."

"Kocha je?"

"Kocha anasema hana beki mwingine."

"Amechoka," alisema Clémentine. "Nikimsuka, kichwa inaanguka kwa mkono yangu."

Bahati ikaja, au Hénock aliidhani bahati. Mwisho wa msimu kamati ya ligi iliwaita marefa kwenye ofisi moja Sandton, mtaa wa matajiri, watoe maoni juu ya kanuni. Palikuwa na chai na biskuti, na zulia lililofanya watu waongee polepole. Hénock alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Akasema, msichana akigongwa kichwa, refa amtoe bila kumuuliza mtu, na mwenzake aingie hata kama wa akiba wamekwisha. Akasema nesi awepo kila mechi. Akasema kanuni hiyo ikipita, yuko msichana mmoja atakayetolewa kwanza, mama yake aondoe matanga.

Mwenyekiti alifuta macho kwa kitambaa. Alikuwa mama wa watu, na alisikitika kwa dhati.

"Eish, Bwana Hénock," alisema. "Tumekusikia."

Msimu mpya ulipofunguliwa, mabadiliko yalitangazwa. Shanga ziliruhusiwa, mradi zifunikwe. Bao la mchezaji aliyefariki lingehesabiwa. Juu ya kichwa hapakuwa na neno.

Ijumaa ile Hénock alimwangalia Victoire kipindi chote cha kwanza. Kanuni ilimwachia refa njia moja tu ya kumtoa mchezaji bila ruhusa ya kocha, na njia hiyo alikuwa nayo mfukoni siku zote. Mpira ulipotoka, alimwita. Victoire akaja mbio, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Hakuwahi kupewa hata kadi ya njano. Hénock akainua nyekundu.

Kocha Mokoena akapiga kelele. Wasichana wakamzunguka refa. Victoire peke yake hakubisha.

"Papa Hénock, nimekosa nini?"

Hénock alitaka kumwambia hajakosa kitu. Lakini asiyekosa hatolewi, na akisema hivyo itabidi mtoto arudi upande wake wa kulia. Akanyoosha mkono kuonyesha nje. Victoire aliondoka akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Mama yake akamvika sweta, wakatembea pamoja hadi getini, na barabarani Clémentine alitokea peke yake akiwa ameikumbatia sweta. Jumapili wanawake wa kanisa walikunja magodoro, wakafagia, wakaenda kwao. Kwa Hénock hakuna aliyepita kushukuru, naye hakutegemea.

Ijumaa iliyofuata timu ilikuja na wachezaji kumi na mmoja walio hai. Kipindi cha pili Chloé, beki mpya wa kulia, aligongwa kichwa na goti la golikipa. Wa akiba walikuwa wamekwisha. Hénock akapiga magoti kando yake.

"Leo siku gani, binti?"

"Jumatano," alisema Chloé, akitabasamu.

"Sharp, refa!" kocha aliita kutoka kwenye benchi. "Yuko sawa!"

Hénock akamsaidia kusimama, akamshika mkono mpaka alipoona hayumbi. Kisha akatia mkono mfukoni, akainua kadi nyekundu, na Chloé akaanza kulia.