Wimbo wa Kusimama

"Simama!" Restituta alifoka mpaka sauti ikakwaruza. "Kokwijuka, mwanangu, nimekukosea nini? Simama!"

Kokwijuka alikuwa ameshapiga magoti tena. Binti wa watu kutoka Izimbya, Mungu kamjalia sauti ya kutikisa bati, lakini kila alipofika mbele ya mzee Byarugaba, miguu ilikunjika yenyewe kama alivyofundishwa na mama yake tangu akiwa mdogo. Na akishapiga magoti, basi, kifua kinabanwa, sauti inabaki ile ya kuomba chumvi kwa jirani.

"Siyo mimi, mwalimu. Ni magoti."

"Na magoti ni ya nani?"

Waimbaji wakaangua kicheko. Restituta hakucheka. Alimgeukia Byarugaba, mpiga enanga wao, aliyekaa kitini na kile kinanda chake cha nyuzi mapajani, maana yeye ndiye aliyecheza mfalme. "Na wewe mzee, bojo, nakusihi, acha kumwitikia! Wewe ni mfalme dhalimu. Umemnyang'anya mjane kibanja chake, shamba lake la migomba. Amekuja kukusuta, hakuja kukusalimia!"

"Sasa mtoto akinisalimia ninyamaze?" Byarugaba akashangaa. "Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Mambo yalikuwa hayo, kila Jumamosi, katika ghala tupu la kahawa pale Kagondo. Kikundi chenyewe kiliitwa Opera ya Lweru, na jina hilo lilikuwa limemletea Restituta kejeli za kutosha. Alisomea muziki chuoni, huko ndiko alikojifunza kwamba hadithi nzima inaweza kuimbwa, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kusema neno kavu. Akarudi Bukoba akisema, kumbe wazee wetu wa enanga walikuwa wakifanya hivyohivyo! Akakusanya wanakwaya wa kanisani, akawaongeza Nasma na wenzake wanaoimba kaswida mjini, akampa Zahoro ngoma. Watu wakamwita nshomile, msomi asiye na kazi ya kufanya.

Kejeli angezivumilia. Kilichomchoma ni kwamba mchezo wao haukuwahi kufika mwisho. Mkoa mzima uliwajua, lakini uliwajua kama watu wa kuchangamsha mkutano. Akija mgeni rasmi, wanaitwa: imbeni kidogo wakati tunamsubiri. Mgeni akifika, haya, inatosha, asanteni sana, kaeni pembeni mpewe soda. Kwenye harusi ndiyo usiseme. Wimbo wa mwisho, ule wa mjane, haukuwahi kusikika nje ya ghala lile.

Na wimbo huo ndio aliouandikia mchezo mzima. Waimbaji hawakujua, ila mimi nawaambieni. Mumewe alipofariki, kabla hata matanga hayajaisha, baba mkwe wake, mzee Aristides wa Kaagya, alimwita mbele ya ukoo akamwambia kwamba kibanja, migomba yote aliyoipalilia kwa mikono yake na mibuni aliyoipanda mwenyewe, sasa ni mali ya shemeji yake. Restituta alikuwa amepiga magoti. Alikuwa na maneno tele, yamemjaa mpaka kooni. Akasema, "Asante, Tata." Kisha akafungasha, akaenda na watoto wake kupanga chumba mjini. Yale maneno mengine yote aliyatia katika wimbo wa mjane, na akaapa kwamba yataimbwa na mwanamke aliyesimama wima, mbele za watu, japo mara moja tu. Ndiyo maana alimfokea Kokwijuka hivyo. Mtu hafoki namna ile kwa ajili ya muziki mtupu.

Halafu parokia moja ya Muleba ikawapa ukumbi. Mchana mzima! Hakuna mgeni rasmi wala hotuba. Restituta hakuamini, akampigia paroko simu mara ya pili kuuliza kama hakusikia vibaya.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Kina mama wakaja na watoto mgongoni, wazee wakapewa viti vya mbele, wengine wakachungulia madirishani. Restituta alisimama chini ya jukwaa, mgongo kwa watu, akiongoza kwa mikono. Kila kitu kilikwenda. Nasma na kundi lake walipoimba kilio cha shamba, wanawake wakaitikia bila kuombwa. Byarugaba akawa mfalme kweli, mwenye kiburi, hata mtoto mmoja akamzomea. Tumefika, Restituta alijiambia. Leo tunafika.

Kokwijuka akatokea, kajifunga kaniki, akasogea mbele ya mfalme. Restituta akaona magoti yanaanza kulegea. Akamkazia macho. Hakufoka, angefokaje mbele za watu? Aliinua tu viganja vyake, juu, juu. Binti akavuta pumzi, akakaza miguu. Akabaki wima. Akafungua kinywa, na neno la kwanza la wimbo likaenda kugonga ukuta wa nyuma.

Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa.

Restituta alisikia mkongojo kabla hajageuka. Kikohozi kile angekitambua hata usingizini. Mzee Aristides alikuwa amekuja Muleba kumtazama bintiye aliyeolewa huko, akasikia kwamba mkwewe ana ngoma yake kanisani, akaja kuona. Mlango ulimtokeza ubavuni pa Restituta kabisa, hatua chache tu.

Magoti yalishuka. Hakuyatuma. Mikono iliyokuwa hewani ikiongoza wimbo ilijikuta imekunjwa kifuani, na kinywa kikasema, "Kasinge waitu, Tata."

Lo! Restituta huyu!

Mzee akaitikia, taratibu, kama wazee wanavyoitikia. Akauliza habari za mjini. Akauliza afya. Akauliza watoto wanasomaje. Na salamu ya mzee haikatizwi, kila swali lina jibu lake. Jukwaani, Kokwijuka alimtafuta mwalimu kwa macho, hakumwona. Zahoro akasita kwenye ngoma. Kisha binti akaendelea peke yake, bila mkono wa kumwongoza, na Byarugaba akamfuata kwa enanga, na ngoma ikarudi.

Waliimba yote. Migomba ilitajwa, na mibuni, na matanga yasiyokwisha. Restituta aliusikia wimbo kwa kisogo, vipandevipande, katikati ya "hatujambo, Tata" na "wanaendelea vizuri, Tata." Hasira ilimpanda mpaka macho yakamwasha. Inuka, alijiambia. Inuka, mjinga wewe! Lakini mzee hakuwa amemwambia ainuke.

Makofi yakalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakifuta machozi. Mzee Aristides akanyanyua uso kuelekea jukwaani, akasikiliza kelele zile, akakunja kipaji.

"Huyo binti analalamika sana. Anamsema nani?"

Swali lenyewe hilo. Mdomo wa Restituta ulikuwa wazi, na maneno yalikuwa palepale yalipokuwa siku ile ya ukoo.

"Mfalme mmoja tu, Tata," akasema. "Wa zamani sana."

"Aa," mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wale walikuwa wakatili."

"Ndiyo, Tata."

Kokwijuka akaruka chini kutoka jukwaani, jasho likimtiririka, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mwalimu! Umeniona? Nimesimama mpaka mwisho!"

Akamkuta mwalimu wake sakafuni. Kicheko kikamkauka.

"Nimekusikia," Restituta akasema, bado amepiga magoti.